Mgeni Aliyenyamaza Msibani

Siku ya tatu ya msiba, picha ya Si Tijani, yaani Bwana Tijani, ilikuwa bado imegeuzwa uso ukutani. Mkewe, Lella Aljia, aliigeuza kwa mkono wake saa ile ile roho ilipotoka, kisha akafunika kioo na runinga kwa mashuka. Waliokuja kutoa pole waliona mgongo wa fremu tu, ubao wa kahawia na msumari wenye kutu, na kila mmoja alijua nani yuko upande wa pili.

Zubeir, mwana wa pekee wa marehemu, alikuwa langoni mwa bustani tangu asubuhi akipokea mikono ya watu. Alikuwa na duka la dawa mjini, nywele zimeanza mvi, na tangu baba yake afe hakuwa ametoa chozi. Turubai lilitandwa kati ya milozi, viti vikapangwa hadi kizingiti cha sebule, na jikoni wanawake walikuwa wakipika kuskus ya hitima kwa nyama ya kondoo. Yalikuwa majira ya kuvuna zeituni. Wanaume wengi walikuja na mikono ambayo bado ilinuka mafuta mabichi.

Pale Sfax, mji wa pwani ya Tunisia, marehemu alijulikana kwa jina la Mchina. Si kwa sura, maana alikuwa na pua ya ukoo wao, ile inayofika mlangoni kabla ya mwenyewe. Jina alilipata kwa kuwa mfanyabiashara wa kwanza mjini kwenda Uchina, zama ambazo wenzake walijua njia moja tu ya kununua kitu, nayo ni kuvuka bahari hadi Marseille. Yeye aliuza lozi na mafuta ya zeituni. Aliona kwamba mabirika madogo ya chai yaliyotoka Ufaransa yalikuwa ghali, na juu ya makaa hayakudumu. Akasikia kwamba Wachina wanatengeneza vyombo vya bati vilivyopakwa enameli. Basi akafunga safari kwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Kanton, amebeba kigunia cha lozi, birika la mkewe lililoviringishwa katika shali, na jiko la makaa.

Jiko hilo ndilo lililompa hadithi ya kusimulia maisha yake yote. Alipoona wenyeji hawaelewi kwa nini anataka kitako kinene na mpini usioshika moto, aliwasha makaa palepale ndani ya ukumbi wa maonyesho, akateleka birika. Walinzi walikuja mbio na ndoo za maji. Aliyesimama kati yake na zile ndoo, akiwatuliza hawa kwa lugha yao na kumsihi yule kwa lugha yake, alikuwa mkalimani kijana aitwaye Wen.

Shehena ya kwanza ilikuwa balaa. Enameli ilibanduka kama ganda la yai, na watu waliyarudisha mabirika wakayatupa mlangoni kwa Si Tijani bila hata kubisha hodi. Tangu hapo kitu chochote kilichoharibika upesi kikaitwa cha Tijani: kiatu cha Tijani, ndoa ya Tijani. Shehena ya pili ilikuja imara, na zilizofuata zikawa imara zaidi, mpaka haikubaki nyumba Sfax isiyo na birika lake la buluu. Lakini mzaha si enameli, ukishabandikwa haubanduki. Shuleni wenzake Zubeir walimfungia birika bovu nyuma ya mkoba, likamgonga mgongoni njia nzima hadi nyumbani. Baba yake alipoliona alicheka, akalifungua, akalipindua atazame kitako. "Hili la shehena ya kwanza," alisema. "Hata mimi lingenikera." Zubeir hakucheka. Jambo lile lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Alipokua alijitahidi awe mtu mwingine. Alisomea dawa, akaoa binti wa Haji Sadok, watu wenye vinu vya zeituni tangu enzi za mababu, watu ambao hata tabasamu hulipima kwanza kabla ya kulitoa. Ukweni hakutaja Uchina wala birika. Baba yake naye, kwa kuwa alimjua mwanawe, kila alipokwenda huko alizungumzia mvua.

Adhuhuri ya siku hiyo ya tatu teksi ilisimama barabarani. Alishuka mzee mwembamba mwenye koti jeusi, kofia mkononi, kifurushi kwapani. Zubeir alimtambua hata kabla mlango wa gari haujafungwa, kwa jinsi alivyoburuta mguu wa kushoto.

Alikuwa Wen. Baada ya Kanton, kampuni yake ilimleta Sfax akakaa misimu kadhaa ya zeituni, na kila Ijumaa alikula kwao. Alikuja na Kiarabu cha vitabuni, akiomba chumvi kama khatibu aliye juu ya mimbari, na Lella Aljia alicheka hadi akaketi chini. Kisha akamfundisha upya, Kiarabu cha jikoni na cha sokoni, mpaka Wen akaweza kubishana bei na wauza samaki wakamwachia njia. Lile goti aliliumiza katika bustani hii hii, alipoanguka kutoka juu ya mlozi akimtungulia Zubeir lozi mbichi.

Akavuka lango. Macho yalikuwa mekundu. Alipobakiza hatua chache alifungua mikono yote miwili, na wakati huohuo Haji Sadok akageuka kitini.

"Zubeir mwanangu," alisema Haji Sadok, akipaza sauti wote wasikie, "huyu kaja kurudisha birika au kulidai?"

Kicheko kikapita chini ya turubai, kile cha msibani, kinachotokea puani. Hata Ami Frej, ndugu wa marehemu, aliyekuwa ameishi Ufaransa miaka yote ile na hakuwahi kumwona Wen, alitabasamu kidogo. Zubeir akahisi bati linamgonga mgongoni.

"Ni mtu wa kampuni tu, Haji," alisema. "Walikuwa wakifanya biashara na baba. Hajui Kiarabu, wala hatakaa."

Maneno yalitoka yenyewe, kama chafya. Aliyatamka kwa Kiarabu, mbele ya mtu aliyekijua Kiarabu hicho tangu Zubeir hajaota meno ya utu uzima. Mikono ya Wen ilikuwa bado imefunguka. Ilikaa hivyo kidogo, kisha mmoja ukashuka, na wa pili ukanyooshwa mbele, kama wanavyosalimiana watu wasiojuana. Zubeir akaushika. Wen akainamisha kichwa, asiseme neno.

Angeweza kusema. Salamu moja tu kwa lahaja ya Sfax ingetosha kumvua Zubeir nguo mbele ya wakweze. Zubeir aliingoja salamu hiyo, na ilipokosekana alielewa kwamba mzee amesikia, na sasa anamtii. Hilo lilimchoma kuliko salamu yenyewe.

Akamketisha kwenye kiti kilichokuwa kizingitini mwa sebule, karibu na viatu vya wageni. Akammiminia kahawa kwa mkono wake. Kahawa ya msiba haitiwi sukari, na Zubeir alikumbuka kwamba Wen hakuwahi kuimudu chungu. Mama yake alikuwa akimtilia vijiko vitatu vilivyojaa huku akimwita mtoto. Wen alimeza yote hadi machicha.

Wanaume, wengi wao wa ukweni wasiomjua Wen, kwa kuwa walishaambiwa hajui lugha, waliongea juu yake kama watu waongeavyo juu ya mbuzi wa mnadani. Walijiuliza ana umri gani, maana hawa watu hawasomeki. Mmoja alidai alinunua kwa Tijani birika lililovuja siku ya harusi yake, na mke naye hajaacha kuvuja maneno tangu hapo. Mwingine akashauri Lella Aljia aambiwe amfungie paka ndani, mgeni asije akapata njaa. Zubeir hakucheka, lakini hakuwanyamazisha. Wen alikuwa akitazama ndani ya kikombe kitupu.

Kisha akainua macho, na kupitia mlango wa sebule akaiona fremu iliyogeuzwa. Akasimama. Akaionyesha kwa kidole, akagusa macho yake, akaweka kiganja kifuani, mambo yote hayo bila sauti, kama bubu. Zubeir alijua anachotaka. Baba yake aliwahi kumweleza kwamba watu wa kina Wen humuaga maiti kwa kuinama mara tatu mbele ya picha yake. Alijua pia Haji Sadok angesema nini akiona mtu anaiinamia picha katika nyumba ya hitima.

"Anataka nini?" aliuliza Ami Frej.

"Anauliza choo," alisema Zubeir.

Ami Frej, kwa ukarimu, akamshika mzee mkono akampeleka hadi uani akamwonyesha mlango. Na Wen akaingia. Alikaa humo muda, na aliporudi uso wake ulikuwa umelowa maji, hata nyusi.

Huenda mambo yangeishia hapo, mgeni akaaga kwa kichwa akaondoka, na Zubeir akajifariji kuwa hakuna aliyeumia. Lakini wanawake wa jikoni walishampelekea Lella Aljia habari kwamba kuna Mchina nje. Akatoka, fimbo mkononi, mtandio umemteleza, na wanaume wakampisha kwa heshima.

"Wen," alisema. "Ni wewe. Umechelewa, mwanangu. Alikutaja mpaka siku ya mwisho."

Wen alikuwa ameshasimama. Midomo yake ilifunguka. Akamtazama Zubeir.

Zubeir alilijua swali lililokuwa katika macho yale, maana lilikuwa wazi kama limeandikwa: nijibu, au ninyamaze? Kutikisa kichwa tu kungetosha. Yeye akatazama chini, akaviona viatu vya watu, vingi, vimelaliana.

"Maneno ya kumpa pole mfiwa nilikufundisha mimi," alisema Lella Aljia. "Yaseme basi. Umeyasahau?"

Mzee akapiga goti, lile bovu, likalia kama kijiti kikavu. Akaushika mkono wa mjane akauweka kwenye paji la uso wake, na mabega yake yakatikisika. Sauti haikutoka. Lella Aljia akampapasa kichwa kwa mkono wa pili.

"Maskini," aliwaambia wanaume. "Uzee umemnyang'anya ulimi. Huyu alikuwa akisema kutushinda sote."

"Sisi tumeambiwa hakijui kabisa Kiarabu," alisema Haji Sadok.

Lella Aljia akamgeukia mwanawe.

"Alijua kidogo tu, mama, zamani," alisema Zubeir. "Amesahau."

Wen aliondoka kabla ya chakula. Zubeir akamfuata hadi barabarani, nje ya ua wa mipungate yenye miiba, ambako mtu wa ndani hawezi kumwona. Teksi ilikuwa ikingoja. Mzee akavaa kofia yake, akaiweka sawa, kisha akaongea, na Kiarabu kilichomtoka kilikuwa cha soko la Sfax hasa, na irabu zake zote za kuburuta.

"Mmeukata ule mlozi."

"Ulikauka, ami."

"Mti una bahati. Goti langu halitaki kukauka, kila baridi linanikumbusha." Akaegemea teksi. "Safari ya pili baba yako alipokuja Kanton, mama yangu alikuwa amekufa wiki ile. Zama zile kwetu, mtu kuonekana na mgeni nje ya kazi lilikuwa jambo la kukupoteza. Baba yako hakujua. Alikuja kwenye ngazi za ukumbi amefungua mikono, anaita jina langu kama yuko bandarini hapa. Nikampita kama simjui."

Zubeir akasogea hatua moja.

"Alielewa palepale. Mwenzangu mmoja alimuuliza, unamfahamu huyu? Akasema hapana, nimemfananisha. Siku zote alizobaki alinipita hivyohivyo, uso mkavu. Siku ya kuondoka akadondosha shali karibu na mguu wangu akaenda zake. Ndani mlikuwa na lozi za mama yako. Na hakuwahi kuniuliza, maisha yake yote." Wen akapangusa pua kwa kitambaa. "Basi leo wewe ulipoanza, niliijua kazi yangu. Nilifundishwa na bingwa."

"Ami Wen, mimi..."

"Mimi niliogopa kufungwa, Zubeir. Nilikaa pale karibu na viatu nikawa natafuta, huyu mtoto anaogopa nini. Pengine kipo. Sikukiona."

Hakuyasema kwa hasira, na hicho ndicho Zubeir hakuweza kukisahau baadaye. Alisema kama mtu aliyetafuta miwani yake akaikosa. Kisha akampa kile kifurushi, akasema ni chai tu, chai ya milima ya kwao.

"Mwambie mama yako sijasahau. Ni hilo peke yake. Mimi siwezi kurudi kumwambia, maana nikirudi nitakuumbua."

Zubeir akamsihi arudi ale. Wen akasema treni ya Tunis haingoji, na teksi ikaondoka.

Lella Aljia alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, sahani moja ya kuskus ameifunika kando. Zubeir alingoja wanawake wengine watoke na masinia, akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Hakuficha la choo. Mama yake alisikiliza akiwa ameshika pindo la mtandio. Alipomaliza, mama aliuliza swali moja.

"Hakula?"

"Hakula."

"Baba yako alikuwa na msiba wako wewe kabla ya huu wake," alisema Lella Aljia. "Alijua unamwonea haya. Alikuwa akiniambia, mwache, atakua. Mwaka hadi mwaka, mwache, atakua."

Zubeir akaomba radhi. Akaushika mkono wake aubusu. Mama hakuuondoa mkono, lakini radhi hakumpa.

"Unaniambia mimi, jikoni, unanong'ona," alisema. "Walioambiwa uongo wapo kule, wanakula."

Akajiinua kwa fimbo, akaingia sebuleni mbele ya wanaume waliokuwa wameingia humo kula, akaenda moja kwa moja ukutani, akaigeuza picha. Si Tijani akawatazama wote, pua mbele, jicho moja limefinywa kama aliyetaka kusema kitu mpiga picha akamkatiza. Ami Frej akaacha kijiko hewani. Lella Aljia hakueleza. Aliketi chini ya fremu akangoja, na kila mtu akaona kwamba anamngoja mwanawe.

Zubeir akasimama kizingitini, karibu na viatu. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Yule mzee anajua Kiarabu," alisema. "Hajasahau hata neno. Alisikia yote, na la paka alilisikia. Alikuwa rafiki wa baba kuliko mtu yeyote aliyeketi hapa. Hakuwa akiuliza choo. Alitaka kumuaga baba, na mimi nikamzuia. Alinyamaza ili nisiaibike mbele yenu."

Yule wa paka aliinama juu ya sinia akawa anatafuta nyama ambayo haikuwepo. Haji Sadok alimaliza kutafuna kilichokuwa mdomoni, taratibu, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Mungu amrehemu marehemu," alisema, kama mtu anayefunga mlango.

Zubeir alikuwa amedhani kwamba akishasema, kifua kitapata nafasi. Hakikupata. Aliwaza kwamba maneno yale aliyasema kwa watu ambao hawakuyahitaji, na aliyeyahitaji yuko kwenye treni, anapita katikati ya mashamba ya zeituni, tumboni ana kahawa chungu.

Lella Aljia alifungua kifurushi. Aliipika chai ya Wen mwenyewe, juu ya makaa, katika birika la buluu lililotoka Kanton, lenye kitako kinene kilichokwisha kuwa cheusi tititi, na akamwamuru Zubeir azungushe bilauri. Wanaume wakapokea bila kuinua macho. Ilikuwa chai nzuri. Wakainywa kama watu wanaomeza dawa, wakaaga mmoja mmoja. Haji Sadok, alipokuwa akivaa viatu, alishikilia bega la mkwewe ili asianguke, akaondoa mkono upesi.

Bilauri moja ilibaki. Lella Aljia alikuwa ameitilia vijiko vitatu vya sukari akaiweka juu ya kile kiti cha kizingitini, na watu wote walipopita waliizunguka. Turubai liliposhushwa, Zubeir alirudi kukusanya vyombo akaikuta pale, imejaa, imeshapoa.

"Niimwage, mama?" aliuliza.

Mama yake alikuwa akipanga masinia. Hakugeuka.

Basi akaketi kwenye kiti kile, akainywa. Ilikuwa baridi, na tamu kupita kiasi, utamu wa kumpa mtoto. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe, na hakujua analia kwa ajili ya nani. Nyuma yake picha ilikuwa imeshageukia chumba. Alijua inatazama wapi. Hakuthubutu kugeuka.